Aliniomba Nimsindikize

Nimetoa shuhuda nyingi maishani. Nilipokuwa chuo niliimba kwaya katika ushirika wa wanafunzi Wakristo, na Jumamosi jioni mtu alipoitwa mbele kusema Mungu amemtendea nini, mimi nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nilishuhudia ada iliyopatikana dakika za mwisho, nikashuhudia kupona malaria, nikashuhudia mtihani niliodhani nimefeli. Hili ninaloandika leo lilikuwepo siku zote hizo. Sikulishuhudia kwa sababu sikulihesabu kuwa ni langu.

Nilikuwa CR. Aliyesoma chuo hapa Tanzania anamjua CR: kiongozi wa darasa, anayebeba projekta, anayekusanya kazi za wenzake, anayepeleka madesa kwa mwenye mashine ya fotokopi, anayetunza namba za simu za watu wote. Mwalimu akiahirisha kipindi anampigia yeye. Darasa likitaka jaribio lisogezwe mbele linamtuma yeye. Haina mshahara kazi hiyo ila ina heshima yake, na mimi heshima hiyo niliipenda. Walimu walinijua kwa jina. Mmoja wao, mwenye kozi zetu mbili mkononi, aliniita "kijana wangu".

Huyo ndiye aliyekuwa akinituma. "Mwambie yule binti wa mstari wa mbele anione saa kumi." "Yule mrefu, kozi wek yake ina tatizo, aje ofisini." Nilipeleka maagizo hayo kama nilivyopeleka ratiba. Wavulana tulikuwa na utani wetu kuhusu nani kaitwa ofisini leo, na tuliucheka pale kwenye vimbweta, viti vya nje vya kusomea, tukisubiri kipindi. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Nilijua kiasi cha kunitosha kutania, nikajihadhari nisijue zaidi. Na kama kuna mtu angeniuliza, jibu nilikuwa nalo tayari: mjumbe hauawi.

Mwaka wa tatu nilimpelekea ujumbe mwenzangu mmoja ambaye sitamtaja jina wala kozi yetu. Nilimwandikia kwenye simu kwamba alama zake za kozi wek hazionekani na Dokta anataka amwone jioni. Akajibu: "Kaka, nisindikize basi. Sitaki kwenda peke yangu." Nikamwambia nina mazoezi ya kwaya.

Usiku ule alinifuata vimbwetani nilipokuwa nikijisomea. Alichofanyiwa sitakiandika, si changu kukisimulia. Alikisema kwa maneno machache, amesimama, mimi nimekaa, na sikumwambia akae. Nilimuuliza kama mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo au umeegeshwa tu. Nikamuuliza kama alipiga kelele. Kisha nikamwambia jambo ambalo wakati ule niliona ni la busara: mitihani ya mwisho wa muhula inaanza wiki ijayo, yule mwalimu ndiye mwenye kozi zetu mbili, akilisema hili sasa darasa zima litaumia. Nikamwahidi kumwombea.

Na nilimwombea kweli, usiku uleule, nimepiga magoti kando ya kitanda cha hosteli. Niliomba kwa moyo wote, na sikuinuka kwenda naye hata zahanati ya chuo, ambayo taa zake niliziona kutoka dirishani.

Mitihani ile hakuifanya. Muhula uliofuata hakurudi. Darasani zikaenea habari kwamba amedisko, yaani ameondolewa chuo kwa kufeli, wengine wakaongeza kwamba alikuwa hasomi, na mimi niliyejua nikaacha maneno yapite. Tukahitimu. Yule mwalimu alinipa mkono siku ya mahafali, na baadaye akaniandikia barua ya kunipendekeza nilipoomba kazi. Nilipata kazi ile. Sehemu ya ugali niliokula miaka iliyofuata ilitokana na barua hiyo, na ushuhuda unaoliruka hilo ungekuwa ushuhuda wa uongo.

Nikawa mhadhiri msaidizi katika chuo kingine, mkoa mwingine. Novemba 2018, Rais Magufuli alipokwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuzindua maktaba mpya, mhadhiri wa chuo hicho, Dk. Vicensia Shule, aliandika Twitter kwamba rushwa ya ngono imekithiri pale. Nchi nzima ikawa na la kusema, na baadaye TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wakafanya utafiti wa jambo hilo katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma. Sisi katika chumba cha walimu tulibishana siku kadhaa. Upande wangu ulikuwa wazi. Nilisema, tena kwa sauti ya mtu mwenye haki, "Wanaolalamika walete ushahidi."

Napenda msomaji anielewe hapa. Sikusema vile huku namkumbuka mwenzangu na kumficha. Hakunijia akilini kabisa. Ushahidi ulikuwa umekaa kwenye kiti kile ukinywa chai na chapati, na haukujijua.

Kilichofuata hakikutokana na juhudi yangu. Wizara ilitoa mwongozo wa kuanzisha madawati ya jinsia katika vyuo vya elimu ya juu na vya kati, na chuo chetu kikaunda la kwake. Kamati ilitaka mwanamume mmoja, kijana kidogo, ambaye wanafunzi hawamwogopi. Wakanitaja. Sikuomba, na wangelijua ninaloandika hapa wangetafuta mwingine. Nilikubali kwa kuwa kazi za kamati husaidia mtu anapofikiriwa kupanda cheo.

Wakaja watu watatu kutufundisha. Muuguzi kutoka kituo cha mkono kwa mkono cha hospitali, afande wa kike wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na mama mmoja mhadhiri mstaafu aliyewahi kuwa mwanafunzi Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Muuguzi alianza na saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72 tangu tukio, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake. Zikishaanza hunywewa siku 28. Dawa ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya siku 5, nayo vilevile mapema ndiyo bora. Ikiwezekana mtu asioge kabla ya kupimwa, lakini akiwa ameshaoga aje hivyohivyo, asirudishwe wala asilaumiwe. Nguo alizovaa zihifadhiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana plastiki hutunza unyevu na ushahidi huoza. Kwenye kituo chao daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii wako mahali pamoja, hivyo fomu ya polisi, ile PF3, hujazwa palepale bila mgonjwa kuzungushwa mjini akiulizwa habari ileile kila dirisha. Niliandika yote kwenye daftari. Nilikuwa mwanafunzi mzuri siku zote.

Kisha akasema kwamba wengi hawapigi kelele. Mwili huganda. Sauti haitoki, mikono haiinuki, na mtu mwenyewe hubaki akijishangaa na kujilaumu miaka mingi kwa nini hakufanya kitu. "Kwa hiyo," akasema, "swali la kama alipiga kelele msiliulize. Halina linalomsaidia. Linamfundisha tu kwamba hata ninyi hamumwamini."

Kalamu yangu ikasimama.

Afande akaendelea na sheria. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, hakihesabu kuwa ridhaa kile kinachopatikana kwa nguvu au vitisho, na kinamtaja waziwazi mtu mwenye mamlaka anayetumia nafasi yake ya kazi. Adhabu ya ubakaji haipungui miaka 30. Anayetumia madaraka yake kudai ngono ana kifungu chake cha 25 katika sheria ya rushwa ya 2007. Na ushahidi? Akatuambia kwamba Mahakama ya Rufani, katika shauri la Selemani Makumba, ilishasema mwaka 2006 kuwa ushahidi ulio bora wa kosa hili hutoka kwa aliyetendewa mwenyewe. Yule ambaye mimi nilimwacha amesimama ndiye alikuwa ushahidi bora, na nilimpa notisi ya mitihani.

Yule mama mstaafu aliongea mwisho, tena kifupi. Alitukumbusha Mzee Punch, zile karatasi zisizo na jina la mwandishi zilizokuwa zikibandikwa ukutani Mlimani kuwadhalilisha wanafunzi, hasa wa kike. Mwaka 1990 mwanafunzi Levina Mukasi aliandamwa hivyo hadi akajiua. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoanzishwa 1987, kilipaza sauti, na kelele zile ni sehemu ya harakati zilizozaa sheria ya 1998. "Mimi sikuandika kitu ukutani," akasema mama. "Lakini karatasi zile nilizisoma. Nilisimama pale na wenzangu nikasoma mpaka chini." Akakunja miwani yake, akakaa.

Jioni nilimfuata. Nilimsimulia yote, ujumbe wa simu, kwaya, barua ya kazi. Nikamwambia nataka kumtafuta yule mwenzangu nimwangukie miguuni. Nilitegemea angenisifu. Akaniuliza, "Ukimwangukia, yeye afanye nini? Akuinue?" Akaniambia nisimtafute. Mtu yule huenda amejenga maisha yake upya kwa taabu, na mimi nataka kubisha hodi ili nipunguziwe mzigo. Kama siku moja atanihitaji, atanitafuta mwenyewe. Mpaka hapo nifanye kazi niliyopewa na nisijifanye shujaa.

Hili la ushujaa lilinishinda kwa muda mrefu. Wa kwanza kuja dawatini kwangu alikuwa msichana wa mwaka wa kwanza, na kabla hajamaliza kueleza mimi nilishasimama na funguo za gari la kuazima, twende polisi. Alikuwa anatetemeka, hakukataa, akanifuata. Njiani tulimpitia muuguzi, naye alituangalia sote wawili, akanivuta pembeni. "Mwalimu, kesi hii ni yake au yako?" Nilikasirika. Nilipotulia nikaona kweli: nilikuwa nalipa deni langu kwa mwili wa mtu mwingine. Yule binti alitaka dawa na mahali pa kulala mbali na hosteli yake. Kituo cha polisi alikwenda baadaye, kwa uamuzi wake, akiwa na shangazi yake.

Basi nikajifunza kazi upya, na sehemu yake kubwa ni ya kukaa. Kukaa kwenye benchi la hospitali. Kumnunulia mtu chai ambayo hatainywa. Kumshikia mkoba anapoingia kwa daktari, na kumuuliza kwanza kama anataka niwe mimi au dada wa dawati, kwa sababu wengi hawataki mwanamume karibu wakati ule, na ni haki yao. Kumwambia, "Nakuamini. Hukukosea. Unataka tuanze na lipi?" kisha kunyamaza. Tuna kabati dogo ofisini. Ndani mna dera, khanga, nguo za ndani mpya, ndala, sabuni na vocha. Dera ni kwa sababu nguo zikichukuliwa kuwa ushahidi mtu hurudi amevaa nini? Sikuliwaza hilo mpaka nilipoona binti akitoka chumba cha daktari amejifunga shuka la hospitali.

Wanakuja wavulana pia, wachache. Wa kwanza alisema amekuja kwa niaba ya rafiki yake. Nikamsikiliza kwa niaba ya rafiki yake hadi mwisho, na wiki iliyofuata alirudi akasema ni yeye.

Yapo yaliyonishinda. Shauri moja lilikuwa limefika polisi, wazazi wakakutana na upande wa pili, wakamalizana nyumbani, na binti akaja kuniambia nisimtafute tena. Nilitaka kugombana na baba yake. Nilichoweza ni kumwachia binti namba ya muuguzi. Na wenzangu wa chumba cha walimu hawakufurahi nilipopendekeza kwamba mwanafunzi asiitwe ofisini kupitia CR, kwamba kila mwalimu abandike mlangoni saa zake za kuonana na wanafunzi, mlango ukae wazi, na tatizo la alama lipelekwe kwa maandishi idarani. "Unataka tuonekane wote wabakaji?" mmoja akaniuliza. Sikuwa na jibu la kisomi. Nilimwambia nimewahi kuwa CR. Utaratibu ulipita baada ya mvutano mrefu, na wapo wasioufuata mpaka leo.

Kama wewe unayesoma ni CR, au mwenyekiti wa kundi, au yule tu ambaye watu wamezoea kumwambia mambo, sitakutisha. Niliyokuwa nayo mimi pengine unayo: jina zuri kwa walimu, hofu ya mtihani, na utani wa vimbwetani unaokusaidia usifikiri. Hukuombwa uwe hakimu. Ukiombwa "nisindikize", mazoezi ya kwaya yanaweza kusubiri.

Na sasa nifike kwenye neema, maana bila hiyo nisingeandika.

Dawati letu lilipotengeneza bango lenye majina na namba zetu, picha yake ilisambaa WhatsApp kama kila kitu kinavyosambaa. Jioni moja simu ikaita, namba ngeni. "Shikamoo mwalimu," sauti ikasema, kwa kejeli kidogo, kwa kuwa tulikuwa rika moja. Kisha ikasema, "CR." Nilimtambua hapo. Alikuwa amemalizia shahada yake kwingine kwa kujilipia, na sasa ni mwalimu wa sekondari. Hakuniuliza hali. Alisema kuna binti aliyemfundisha, yuko mwaka wa kwanza chuoni kwetu, limempata jambo tangu jana usiku, yuko chumbani peke yake. "Saa 72 bado," akasema. "Nenda na mwanamke. Usimuulize maswali."

Nilikwenda na muuguzi. Hatukumuuliza maswali.

Mwezi ulipopita ndipo nikamwandikia mwenzangu, sentensi chache, kwamba siku ile nilimkosea na ninajua nilichofanya, na hahitaji kujibu. Alijibu baada ya muda mrefu. Aliandika kwamba alipoona jina langu kwenye lile bango alitaka kulipigia simu dawati aseme huyu mtu hafai. Alishaitafuta na namba. Kisha yule binti aliyemfundisha akampigia akilia, na mtu pekee aliyemjua chuoni kwetu nilikuwa mimi, kwa hiyo akanipa nafasi ambayo, kwa maneno yake, hakuwa ameniwekea. Hakuandika kwamba amenisamehe, nami sijamwomba aandike. Alinikabidhi mtoto wake. Mpaka leo sielewi alipata wapi ujasiri wa kuniamini, na kila ninapomshukuru Mungu naanzia hapo.

Ushuhuda huu ameusoma kabla yako. Aliniwekea masharti mawili: nisiandike alichofanyiwa, na nisiandike kama nililia. "Watakuhurumia wewe," alisema.

Aliomba jambo moja zaidi. Niliandika maelezo yangu kama shahidi: nani alinituma, nilipeleka ujumbe gani, aliniomba nini, nilimjibu nini, usiku ule alinieleza nini na akiwa katika hali gani. Nikaweka sahihi kila ukurasa mbele ya wakili, nikampelekea nakala halisi kwa basi. Yule mwalimu bado anafundisha. Nikiitwa mahakamani nitasimama, na barua ile ya kazi itasomwa pamoja na mengine. Siku ya kuyatumia maelezo hayo ataichagua yeye, au hataichagua. Simuulizi.